Kutunza msitu wako binafsi kati ya Malindi na Gede

Mwenye ekari ishirini za msitu asilia karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, asianze kwa kununua seng'enge. Waya huibwa, kisha hurudi msituni ukiwa kitanzi cha kutegea wanyama. Anza na mipaka: mpimaji aonyeshe mawe yote ya hati miliki, majirani wakiwepo, kisha fyeka kijia cha kutembelea kuzunguka eneo. Panapohitaji ua, panda mnyaa, uache mianya ya wanyama.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi yake. Lakini wanyama hubaki mali ya taifa, kwa hiyo usimkamate wala kumhamisha yeyote. Zungumza na ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya kuajiri walinzi.

Doria ifanywe na watu wawili, angalau mara mbili kwa wiki, saa zikibadilishwa. Wanachotafuta si waya kwanza, ni kijiua kifupi cha matawi makavu. Mtegaji huacha mianya ndani yake, na kila mwanya una kitanzi. Mkiona kimoja, fuateni ua huo pande zote mbili hadi mwisho, mtoe vitanzi vyote na kuubomoa. Ua ukiachwa, mtegaji analeta waya mpya tu. Andikeni tarehe na mahali, na baada ya miezi mitatu mtajua wanaingilia wapi.

Katika vitanzi hivyo ndimo hunaswa sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa pwani ya Kenya pekee, hata kama mtego ulikusudiwa paa. Hulala katika kiota cha majani makavu chini, na hufukua wadudu humo humo. Tafadhali usifagie majani hayo ili msitu upendeze. Ukifagiwa, sange hana pa kulala wala cha kula.

Adui anayesahaulika ni mwarobaini. Ndege na popo husambaza mbegu zake hadi kivulini mwa miti ya asili kama mirihi na mibambakofi. Miche ing'olewe wakati wa masika, udongo ukiwa laini. Miti mikubwa ianze kukatwa ile inayozaa. Kosa la kawaida ni kukata mara moja na kuondoka: kisiki huchipua, na mizizi hutoa machipukizi mengine. Rudi kila mwezi kuyavunja, mpaka mizizi ichoke. Magogo yauzie wachonga vinyago. Wakitumia mwarobaini, muhugu wa msituni, mti wao wa kawaida wa kuchonga, hupona.

Moto huja mashamba yakichomwa kabla ya masika, upepo wa kaskazi ukingali unavuma. Safisha ukanda wa mita nne kufikia Desemba, na upande wa kaskazini mashariki uongeze hadi mita sita.

Kupanda miti kuje mwisho. Zuia mbuzi kwanza uone kinachoota chenyewe. Pakibaki wazi, chukua mbegu za mbambakofi za hapo hapo, uziloweke usiku mmoja, na miche iachane mita tatu. Mvinje hukua haraka, lakini shamba la mivinje si msitu.

Majirani nao wapate kitu. Mizinga ya nyuki iwekwe pembezoni, pamoja na bomba la moshi la kutulizia nyuki, kwa kuwa mrina asali mwenye mwenge anaweza kuunguza msitu mzima. Mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua pupa za vipepeo (viwavi waliojifunika kabla ya kuwa vipepeo) kwa wakulima tangu 1993. Anayetaka kujifunza ufugaji huo mpeleke huko.