Tanki wanne wa Final Fantasy XIV: yupi akufae na acheze vipi

Final Fantasy XIV ni mchezo wa mtandaoni, na tanki ni mhusika anayewavuta adui wampige yeye badala ya wenzake. Paladin, Warrior, Dark Knight na Gunbreaker wote wanamaliza kila pambano la mchezo huu. Kinachowatenganisha ni namna kila mmoja anavyojilinda, kwa hiyo chagua kwa hilo.

Hatua ya 1: Uanze na nani
Paladin hutokana na Gladiator wa Ul'dah, Warrior na Marauder wa Limsa Lominsa, wote wakifika levo 30. Dark Knight anadai uwe na kazi (aina ya mhusika) nyingine ya levo 50, Gunbreaker levo 60. Mgeni kabisa achukue Warrior.

Hatua ya 2: Washa msimamo
Msimamo ni ujuzi unaofanya adui wakufuate wewe: Iron Will (Paladin), Defiance (Warrior), Grit (Dark Knight) au Royal Guard (Gunbreaker). Kabla ya kundi la kwanza, hakikisha alama yake inaonekana. Bila msimamo, adui humfuata mponyaji mara tu anapoanza kutibu.

Hatua ya 3: Kusanya, simama, jilinde
Pitia makundi mawili, kila moja lipige pigo la eneo (linalogusa adui wengi kwa pamoja), kisha simama palepale. Tanki anayerudi nyuma-nyuma huwatawanya adui na mapigo ya wenzake hukosa.

Hapa ndipo wengi wanapofia: wanabonyeza kinga zote kwa pamoja. Kinga huzidishana, hazijumlishwi. Ya 20% na ya 30% zikikaa pamoja zinakata 44%, si 50%, halafu zote zinakwisha adui wakiwa bado hai. Anza na Rampart (20%, sekunde 20, inapoa sekunde 90). Ikikaribia kuisha, weka Arm's Length. Kila adui anayekugusa hupungua kasi kwa 20%. Kisha kinga kubwa ya kazi yako.

Hatua ya 4: Tofauti zenyewe
Warrior ana Raw Intuition, inayokuwa Bloodwhetting levo 82: kila pigo linarudisha uhai, na adui wakiwa wengi uhai hurudi mara nyingi zaidi.

Dark Knight ana The Blackest Night levo 70. Inakula MP (nguvu za uchawi) 3,000 na kukupa ngao ya 25% ya uhai wako kwa sekunde 7. Ngao ikivunjika unapata pigo moja la bure. Isipovunjika, MP imepotea. Usiiweke adui wakiwa wanakaribia kufa.

Paladin ndiye bora kulinda wenzake, kwa Clemency na Divine Veil. Gunbreaker ana vitufe vingi, anafaa aliyekwisha kuzoea.

Kinga ya mwisho, ile ya kukuzuia usife, nayo hupoa tofauti: Holmgang (Warrior) dakika 4, Living Dead (Dark Knight) 5, Superbolide (Gunbreaker) 6, Hallowed Ground (Paladin) 7.

MASWALI

Mkuu, mbona nikitumia Living Dead nakufa tu?
Uhai ukiisha unapewa sekunde 10, na ndani yake lazima utibiwe jumla sawa na uhai wako wote. Mapigo yako yanakutibu, kwa hiyo endelea kupiga, usikimbie.

Tukiwa tanki wawili tunabadilishanaje bosi?
Anayepokea awashe msimamo kwanza, kisha Provoke, inayomvuta bosi kwake. Anayeachia azime wake na amtupie Shirk, inayohamisha 25% ya hasira ya bosi. Bila msimamo, bosi atarudi kwa wa kwanza.

Ndugu, nimeingia danjeni ya Sastasha na vitufe vyangu vimepotea!
Mchezo umekushusha levo ilingane na danjeni. Kwa kinga, pale una Rampart tu (Gunbreaker ana Camouflage pia), kwa hiyo vuta kundi mojamoja.