Kukadiria namba bila kupotea njiani

Chukua kimo cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ambao mwanafunzi wa Moshi anauona kila kukipambazuka vizuri. Kukadiria hadi mamia yaliyo karibu, pigia mstari tarakimu ya mamia, yaani 8. Tazama jirani yake wa kulia tu: ni 9. Jirani akiwa 5 au zaidi, ongeza 1. Akiwa 4 au pungufu, acha ilivyo. Tarakimu zote za kulia zigeuze sifuri: 5,900. Wengi huandika 59 kwa kusahau sifuri, na mlima unakuwa kilima kidogo tu!

Hadi maelfu ni 6,000.

Kosa linalotusumbua zaidi ni kukadiria mara mbili. Hadi mamia, 4,546 ni 4,500, kwa sababu jirani ni 4. Ukianza na makumi unapata 4,550, kisha 4,600, na hilo si jibu. Rudi daima kwenye namba ya mwanzo. Katika hesabu ndefu pia, kadiria mwishoni pekee.

Makadirio hukagua majibu. Daftari 48 za shilingi 2,150 ni kama 50 × 2,000, yaani 100,000. Jibu kamili ni 103,200. Ukipata 10,320, umepoteza sifuri.

Ila soma swali. Wanafunzi 30 wanaokwenda Arusha kwa gari za viti 14 wanahitaji magari 3, ingawa 30 ÷ 14 ni 2.14. Hapa tunapanda juu, la sivyo wawili wanabaki stendi.