Programu ya zamani ya dukani imegoma kwenye Windows 11? Usiitupe, fanya hivi

Wakuu, tangu Windows 10 iachwe rasmi tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wananunua mashine mpya, wanabeba ile programu ya duka ya tangu enzi za Windows XP, wanainstali, inagoma, halafu fundi anawaambia hii imezeeka nunua nyingine. Mle ndani kuna madeni ya wateja, stoki na bei za miaka na miaka, na aliyeitengeneza mara nyingi hapatikani tena, kwa hiyo naomba msikimbilie kuitupa.

Cha kwanza kabisa ni kukopi. Sio ile ikoni ya kwenye deskitopu jamani, folda nzima ya programu, weka kwenye flashi na kopi nyingine weka sehemu tofauti. Ndani ukiona mafaili yanayoishia na .mdb au .dbf basi hiyo ndio data yenyewe.

Ila hapa ndipo wengi wanaumia. Kama mashine unayotoka ilikuwa Vista, 7 au 10 na programu ilikaa kwenye Program Files, data mpya huenda haiko kwenye hiyo folda kabisa. Kuanzia Vista, Windows hairuhusu programu kuandika ovyo mle, sasa zile za zamani haziambiwi kwamba zimekataliwa, kinachoandikwa kinapelekwa kimya kimya C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore, na kila mtumiaji ana ya kwake. Nilishaitwa na mama mmoja wa duka la vipodozi, akiingia kwa akaunti yake anaona mauzo haya, kijana wa kaunta akiingia kwa yake anaona mengine, na alishafika mahali pa kutaka kumfukuza yule kijana akijua anaibiwa. Hakuna aliyeiba hata shilingi, yalikuwa mafaili mawili tofauti yenye jina moja. Kwa hiyo fungua VirtualStore ya kila akaunti, angalia tarehe za mafaili, kopi zote.

Kwenye mashine mpya usiinstali Program Files. Tengeneza folda yako, mfano C:\Duka, weka humo. Hili peke yake linatibu matatizo mengi kuliko ujanja mwingine wote.

Bado inagoma? Raiti kliki kwenye faili la .exe, nenda Properties halafu Compatibility, tiki ile ya compatibility mode uchague Windows XP (Service Pack 3). Maandishi yakiwa na ukungu au madirisha madogo sana bonyeza Change high DPI settings hapo hapo. Kuhusu Run as administrator kuwa makini, kama programu uliiacha Program Files ukitiki hiyo itaacha kusoma VirtualStore na utaona kama data imefutika, usipanike, iko kule kule.

Ikilalamika kuhusu faili la MSCOMCTL.OCX mara nyingi hiyo imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kutengenezea programu. Chukua hilo faili kwenye kompyuta ya zamani, usishushe kwenye tovuti usizozijua, liweke C:\Windows\SysWOW64, fungua Command Prompt kama admin uandike

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32 C:\Windows\SysWOW64\mscomctl.ocx

Ikidai .NET 3.5, kifurushi cha Microsoft ambacho baadhi ya programu hukitegemea, tafuta Turn Windows features on or off, tiki, subiri ishushe.

Sasa kama Windows inakuambia "This app can't run on your PC" inawezekana hiyo ni ya biti 16, yaani ya enzi za kompyuta za zamani sana, na Windows 11 ni ya biti 64 tu, haiendeshi biti 16 hata ufanyeje na hiyo Compatibility. Lakini jaribu kwanza: wakati mwingine setup tu ndio ya biti 16 na programu yenyewe ni ya 32, kwa hiyo ile folda uliyokopi unaweza kuiendesha moja kwa moja bila kuinstali. Kama ni ya DOS kweli, zile skrini za bluu za kubonyeza F2 F3, tumia DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya Windows, andika mount c c:\duka kisha c: halafu jina la programu. Nimeitaja hiyo kwa sababu DOSBox ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya magemu na haijali kuprinti, na duka bila risiti haliendi.

Kuprinti kwa zile za Windows zinazotafuta LPT1 (tundu la printa la zamani) wakati printa yako ni ya USB: shea printa uipe jina fupi, mfano EPSON, kisha

net use lpt1 \\jina-la-kompyuta\EPSON /persistent:yes

Inafanya kazi vizuri na zile printa za nukta za kugonga karatasi.

Yote yakishindikana instali VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, weka XP ndani yake kwa CD na namba yake halali, mpe RAM ya GB 1 inatosha sana. Netiweki yake izime kabisa maana XP haipati marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014, na tengeneza folda ya kushea kati ya hiyo XP na Windows 11 ili kila jioni mtu wa kaunta akopi lile faili la .mdb kulitoa nje kabla hajazima mashine.