Ukienda saiba: lini useme fotokopi, lini useme skani

Simama kwa saiba yoyote hapa Kisumu town msimu wa fomu za basari, utasikia mtu akisema "nitolee kopi ya hii", anapewa karatasi, analipa, kumbe alikuwa anataka ya kutuma kwa imeili na sasa anarudi nyuma ya laini. Kabla hujafungua mdomo jiulize tu hii kitu inaenda wapi. Kama ni kwa chifu ama ofisi ya wadi ambapo watashika karatasi wapige muhuri, sema fotokopi. Kama ni ya kupakia mtandaoni ama kutuma kwa simu, sema skani.

Fotokopi haina mambo mingi. Kitambulisho itisha pande zote mbili kwa ukurasa mmoja, la sivyo unalipia karatasi mbili bure. Na beba orijino, usitoe kopi ya kopi, juu kila raundi herufi zinafifia na muhuri wa shule unageuka doa jeusi.

Skani ndiyo iko na maneno. Itisha rangi kama kuna muhuri ama sahihi ya wino wa bluu, 300 dpi (nukta kwa kila inchi) inatosha, na kurasa zote ziwe kwa PDF moja, si picha saba tofauti. Angalia kwa skrini kama kona imekatwa kabla hujalipa. Mtandao ukikataa faili ati ni kubwa, mwenye saiba ashushe hadi 200 dpi, bado itasomeka. Akikutumia kwa WhatsApp atume kama dokumenti, ukipokea kama picha inafinywa na yale maandishi madogo yanapotea. Halafu, na hapa ndipo watu hulala kabisa, karatasi unaondoka nayo lakini faili inabaki kwa kompyuta ya saiba, kitambulisho chako na PIN ya ushuru ya KRA zikikaa hapo kwa desktop kila mtu akiona. Usione haya, simama hapo mpaka afute, hata kwa lile pipa la takataka la kompyuta, na utoke kwa imeili yako.

Ukitaka zote mbili anza na skani. Chester Carlson, aliyevumbua fotokopi za poda, alipotoa kopi yake ya kwanza huko New York mwaka 1938 hakukuwa na faili, na hata mashine zilizofuata zilipeleka mwanga moja kwa moja kutoka kwa karatasi hadi kwa ngoma, ile silinda ya ndani ya mashine yenye chaji ya umeme. Hizi za kidijitali za siku hizi huskani kwanza ndio ziprinti, ni vile tu hupewi faili mpaka uitishe. Kwa hivyo askani mara moja, akutumie, aprinti zenye unataka, na mwezi ujao orijino inabaki nyumbani.

Isipokuwa fomu ikitaka kopi yenye muhuri wa wakili. Hapo toa fotokopi kwanza, ipeleke pamoja na orijino alinganishe agonge, ndio sasa uskani hiyo iliyogongwa.