Somo: Jinsi ya kutoa sampuli ya maabara isikataliwe (mkojo, makohozi, choo, damu) na kwa nini majibu ya kuotesha yanachelewa

Habari zenu wadau, leo tuongee sampuli. Mi kazi yangu ni maabara ya afya ya jamii, upande wa mikrobiolojia, na kitu kinachonichosha kuliko hata zamu ya usiku ni kumwambia mtu aliyetoka mbali samahani sampuli yako imekataliwa, nenda kalete nyingine. Kuna mzee alikuja na mkojo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, kakisuuza vizuri kabisa, na kweli kwa macho kilikuwa kisafi. Nilivyomwambia hapana alinuna mpaka nikaona aibu mimi. Kosa wala si lake, kapewa fomu kaambiwa kalete mkojo, basi, hakuna aliyemwelekeza.

Kwanza tuelewane. Kuna vipimo vya sukari, figo, ini, wingi wa damu, hivyo mashine inasoma na majibu mara nyingi unapata siku hiyohiyo. Halafu kuna vyetu vya kuotesha, wengine wanaita kalcha, tunachukua sampuli yako tunaipanda kwenye pleti yenye chakula cha bakteria tunasubiri waote, kama shamba tu. Na shida yote iko hapo, maana kwenye hilo shamba kinaota chochote kilichodondoka, awe bakteria anayekuumiza au wa kidoleni kwako, sisi hatujui katoka wapi.

Hatua ya 1: dawa
Kama ni kuotesha, toa sampuli KABLA hujaanza antibayotiki. Hata dozi moja inaweza kuwafanya bakteria wagome kuota wakati mwilini bado wamo. Kama umeshameza sema ukweli tunaandika kwenye fomu, usiache dozi kienyeji eti uje upime. Mgonjwa aliyezidiwa ni habari nyingine, huyo damu inachukuliwa fasta na dawa inaingia, hakuna kusubiri pleti.

Hatua ya 2: fomu na lebo
Watu wanaidharau hii. Jina, umri, aina ya sampuli, tarehe na SAA uliyoitoa, dawa ulizotumia. Kama ni kidonda andika kiko wapi na kimetokana na nini, maana kidonda cha kuumwa na mbwa na cha upasuaji hatuvitafutii vitu vilevile. Lebo ibandikwe kwenye chombo chenyewe sio kwenye mfuniko, tukishafungua mifuniko inaweza kubadilishana halafu ukapewa ugonjwa wa jirani.

Hatua ya 3: mkojo
Hapa ntakaa sana kwa sababu hapa ndo watu wanapoharibu. Chukua chombo cha maabara tu, kile kisicho na vijidudu, usikifungue mpaka uko tayari. Nawa mikono kwa sabuni. Mwanamke tenganisha midomo ya uke, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, sio kinyume chake, mwanaume ambaye hajatahiriwa avute ngozi nyuma asafishe. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, huo unasafisha njia, halafu bila kukata mkojo ingiza chombo udake wa katikati, kikifika nusu toa, unaobaki malizia chooni. Usiguse ndani ya chombo wala ndani ya mfuniko, na mfuniko usiulaze kifudifudi kwenye sinki.

Sasa saa inaanza kuhesabu. Ufike maabara ndani ya saa 2, ukishindwa weka kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, hapo una mpaka saa 24. Kwa nini? Bakteria anayeitwa E. koli akiwa mahali panapomfaa anaweza kujigawa kila dakika 20 hivi, yaani mmoja ndani ya saa 2 anakuwa 64. Na sisi kipimo tunachokitumia miaka yote cha kusema huu ni ugonjwa ni kama bakteria 100,000 kwenye mililita moja (wachache zaidi nao wanaweza kuhesabika kama mtu ana dalili). Kwa hiyo mkojo wa mtu mzima wa afya ukishinda kwenye begi juani unaweza kutoka na majibu ya mgonjwa, anameza antibayotiki bure.

Hatua ya 4: makohozi
Sukutua mdomo kwa maji kwanza. Simama nje, sehemu ya wazi, mbali na watu. Vuta pumzi ndani kabisa mara 2 au 3 kisha kohoa kutokea chini ya kifua. Tunataka kitu kizito, mililita 3 hadi 5, MATE HAPANA, mate yana bakteria wa mdomoni tu. Ya asubuhi ukiamka tu ndo bora maana yamekusanyika usiku kucha. Ukishindwa kukohoa mwambie mhudumu, usitutemee mate ili kumaliza kazi.

Hatua ya 5: choo na damu
Choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, chukua sehemu yenye kamasi au damu kama ipo, kiasi cha kijiko kidogo kinatosha. Kama ni cha maji na daktari anatafuta amiba hai kinatakiwa kionekane ndani ya nusu saa, kwa hiyo bora ukitolee hapohapo. Kinachosafirishwa mbali kwa kutafuta kipindupindu kinawekwa kwenye dawa maalum ya kusafirishia, hiyo kazi ya mhudumu sio yako.

Damu ya kuotesha tunachukua sisi. Watu wanalalamika tunawanyonya, mililita 8 mpaka 10 kwa kila chupa kwa mtu mzima na chupa zaidi ya moja. Ni kwamba bakteria kwenye damu huwa wachache mno, wakati mwingine hata mmoja kwa mililita hawafiki, ukichukua kidogo unawakosa. Na chupa hizi friji ni marufuku, sawa na maji ya uti wa mgongo, bakteria wengine wa homa ya uti wa mgongo baridi inawaua.

(Wa kipimo cha sukari cha kufunga: usile kwa muda wa masaa 8 kabla ya kupima, maji matupu ruksa.)

Hatua ya 6: huku ndani tunafanya nini
Tunapaka sampuli kwenye kioo tunaitia rangi ya Gram, mbinu ya mwaka 1884 huko na bado haijastaafu, wengine wanatoka zambarau wengine pinki, hapo tayari tumegawa makundi mawili. Pleti zinaingia inkubeta, yaani kabati la joto, kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Akiota tunamtambua ni nani, halafu tunampanda tena na vikaratasi vya dawa tuone ipi inamzuia (ikimzuia panabaki duara tupu kuzunguka kikaratasi, tunalipima kwa milimita), hiyo ni siku nyingine tena. Ndo maana mkojo ni siku 2 au 3, damu kwa kawaida tunaiangalia siku 5 kabla hatujasema hakuna kitu, na TB ya kuotesha inaweza kufika wiki 6 kwenye chakula cha maji au 8 kwenye kigumu. Sio uvivu jamani. Ila tukikuta kitu kama kipindupindu hatusubiri makaratasi, simu inapigwa muda huohuo kwa daktari na kwa wanaofuatilia milipuko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu majibu yangu ya mkojo yameandikwa "mchanganyiko wa bakteria, rudia sampuli". Maana yake nina magonjwa mengi?
Jibu: Hapana ndugu. UTI ya kawaida inaletwa na bakteria mmoja. Wakiota watatu wanne wa aina tofauti tunajua wametoka kwenye ngozi au ule mkojo wa mwanzo umeingia. Rudia hatua ya 3 taratibu.

Swali: Mwanangu ana miezi 7, huo mkojo wa katikati naudakaje?
Jibu: Pole mama, hapo ni mtihani. Kuna kimfuko cha kubandika, ila kinabeba sana bakteria wa ngozi. Majibu ya kimfuko yakiwa safi yanasaidia, yakiwa na bakteria usikubali kirahisi, daktari anaweza kutaka kuchukua kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo. Njia nyingine msafishe, mvue nepi, kaa na chombo wazi umsubiri. Uvumilivu unahitajika na nguo za kubadilisha.

Swali: Bro wangu kapimwa TB kwa hadubini hamna, kwenye GeneXpert ipo. Nani muongo?
Jibu: Hakuna muongo. Hadubini inahitaji vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita ndo tuvione, GeneXpert inatafuta vinasaba kwa hiyo inakamata hata wakiwa mia na kitu, na mashine inamaliza ndani ya kama saa 2. Aanze dawa, asisubiri hadubini ikubali.

Swali: Kila nikipima Widal naambiwa taifodi, mwaka wa tatu huu.
Jibu: Widal inapima kinga za mwili, na hizo zinaweza kubaki muda mrefu baada ya kupona au zikatokana na chanjo au maambukizi mengine. Ukiwa na homa kweli omba damu ya kuotesha kabla ya dawa.

Swali: Nimeona karatasi yangu, dawa moja ina duara la milimita 24 nyingine 19, daktari kanipa ya 19. Kakosea?
Jibu: Hili swali nalipenda. Usilinganishe duara la dawa moja na la nyingine, kila dawa ina kipimo chake. Ya milimita 24 inaweza kuwa R, yaani bakteria ni sugu, na ya 19 ikawa S, inafanya kazi. Angalia herufi, achana na namba. Na zote zikiwa S daktari anaangalia pia figo zako, mzio, na kama dawa inafika sehemu inayouma.