Kampani ya mayi inafanya kazi ao hapana? Namna ya kujipimia

Mayi ikikatika jibu ni ile ile, kuranti hakuna. Ni kweli, lakini si yote. Hapa Goma ziwa iko chini na mitaa iko juu, bila pompi hata tone haipande, na ile kuranti ni feza mingi. Sasa wazia mayi imeshapandishwa, imeshatiwa klore, alafu inamwangika njiani kwa tiyo ya kupasuka, na feza ya kuranti imemwangika nayo.

Njo maana uulize namba tatu: mayi ngapi ilitoka kwa pompi, ngapi iliandikwa kwa fakitire, na feza ngapi iliingia kweli. Tuseme tu walisukuma bidoni 100, fakitire ni za 60, watu wakalipa za 45. Zile 40 ni tiyo, konteri za kufa na wenye kujiunganisha usiku. Zile 15 ni wenye kukataa kulipa, na biro za serikali ziko ndani. Ni magonjwa mbili, na kupandisha bei haizibe tiyo.

Anza kwako. Usiku funga robine zote, piga konteri foto, asubuhi kabla mutu hajachota piga ingine. Namba nyeusi ni metre kibe, moja ni bidoni 50 za litre 20. Ikiwa namba yoyote imetembea, hata zile zisizo nyeusi, kuko mahali inavuja. Kwangu ilikuwa choo, haikuwa inasikika hata, nikalaumu mwenye kuleta fakitire bure. Litre moja kwa dakika ni bidoni 72 kwa siku!

Mutaa wote unapimwa vilevile, saa nane mpaka saa kumi ya usiku wakati watu wamelala, ila inaomba konteri kubwa pale mayi inaingilia, na pasipo ile konteri asilimia za mayi ya kupotea wanazokuambia ni za kukisia. Na kwetu kuko shida ya lava: kuchimba ni vita, tiyo zinapita juujuu magari yanazikanyaga, na ikipasuka mayi inazama kati ya mawe, huoni hata dimbwi. Fundi inabidi atege sikio usiku.

Kitu ingine, mayi ikirudi kisha siku za kukauka, upepo wa ndani ya tiyo unaweza kuzungusha konteri. Piga foto mbele irudi na kisha kurudi, andika tarehe, uende nazo kwa biro siku ya fakitire.