Somo: Kuanzisha na Kuendesha Jarida la Utafiti la Wanafunzi wa Saikolojia

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa saikolojia hukabidhi ripoti zao za utafiti, ripoti hizo hutiwa alama, kisha huingia kabatini na hazisomwi tena na mtu. Baadhi zinastahili kabati hilo, tusidanganyane. Lakini zipo zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa, na jarida la wanafunzi ndiyo njia ya kuzifikisha kwa wasomaji. Kazi hii si ngeni. Nchini Marekani, chama cha Psi Chi, kilichoasisiwa mwaka 1929, kilianzisha jarida la tafiti za shahada ya kwanza mwaka 1996, na katika Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga jarida la Modern Psychological Studies huhaririwa na wanafunzi wenyewe. Ulaya nako shirikisho la vyama vya wanafunzi wa saikolojia, EFPSA, limekuwa na jarida lake tangu 2009. Hatua ninazozieleza hapa zimekusudiwa wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotaka kuanza na watu watano na bila fedha.

Hatua ya kwanza ni kupata watu, kabla ya jina na nembo. Mnahitaji mhariri mkuu, wahariri wasaidizi wawili au watatu, na katibu wa miswada ambaye kazi yake ni kuandika katika jedwali moja tarehe ambayo kila mswada umepokelewa, umepelekwa kwa nani na unatarajiwa kurudi lini. Tafuteni pia walezi wawili wenye shahada ya uzamivu, kwa kuwa DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bila malipo, haipokei jarida la wanafunzi lisilo na angalau washauri wawili wa ngazi hiyo. Msiwachukue wahariri wote kutoka mwaka wa tatu. Jarida nililolihudumia nilipokuwa mwanafunzi lilisimama miezi minane baada ya toleo la kwanza, na sababu ilikuwa nywila: mhariri mkuu alifungua barua pepe ya jarida kwa namba yake mwenyewe ya simu, akahitimu, akabadilisha laini, na miswada kumi na mmoja ikabaki mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia. Tangu hapo nashauri kwamba nywila ziwe kwa mlezi mmoja na wanafunzi wawili wa miaka tofauti, na kwamba mhariri mkuu mpya afanye kazi ubavuni mwa anayeondoka kwa muhula mzima.

Hatua ya pili ni kuamua mtapokea nini. Ningependa mtamke waziwazi kwamba mnapokea tafiti zilizorudia tafiti za zamani, na zile ambazo dhana yake haikuthibitika. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizokuwa nayo. Mwanafunzi anayejua kwamba jarida linataka matokeo ya kuvutia tu atajikuta akichokoachokoa data mpaka zikiri. Kila makala iwe na ikisiri ya Kiswahili, hata kama yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wa waliojaza hojaji wangependa kujua majibu yao yalisema nini.

Hatua ya tatu ni maadili, na hapa naomba tutulie kidogo. Mswada usiingie kwenye uhakiki kabla mwandishi hajaonyesha kibali cha kamati ya maadili ya chuo chake, pamoja na kile cha mamlaka ya nchi panapohitajika: NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania. Kibali hakiombwi baada ya data kukusanywa. Aliyekwisha kukusanya bila kibali hana dawa, na ni heshima kumwambia hivyo mapema. Lakini kibali peke yake hakitoshi. Chukueni mfano wa PHQ-9, hojaji ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona, ambayo wanafunzi wengi huipenda kwa sababu ni fupi, haina malipo na ina tafsiri ya Kiswahili. Swali lake la tisa humuuliza mtu kama katika wiki mbili zilizopita amewaza kwamba ni afadhali afe, au amewaza kujidhuru. Mtafiti anapoisambaza kwa fomu ya mtandaoni isiyo na majina, kisha akafungua majibu baada ya wiki tatu, mtu aliyejibu “karibu kila siku” amekuwa akingoja wiki tatu bila kusikia neno lolote. Kwa hiyo mhariri aulize: je, mwishoni mwa fomu paliwekwa namba ya kitengo cha ushauri nasaha? Je, kulikuwa na njia ya kumfikia mshiriki ambaye jibu lake linatia wasiwasi? Kama mwandishi hakulifikiria jambo hilo, aliandike katika sehemu ya mapungufu, bila kulificha. Kumbukeni pia sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Ukiandika “mshiriki wa kike, mwaka wa tatu, asiyeona, kutoka Lamu”, umemtaja mtu huyo hata kama jina lake halimo.

Hatua ya nne ni uhakiki, na hili ndilo jarida lenyewe. Mengine yote ni karatasi ya kulifungia. Kila mswada usomwe na watu wawili wasiomjua mwandishi wala kujulikana naye. Ondoeni jina katika ukurasa wa kwanza, katika shukrani, na katika taarifa za faili lenyewe, ambako husahauliwa mara nyingi. Kisha wafundisheni wahakiki kuandika. Mwanafunzi akipewa uhakiki kwa mara ya kwanza huandika: “Mbinu ni dhaifu. Rekebisha.” Maoni hayo humuumiza mwandishi bila kumsaidia. Linganisheni na haya: “Katika aya ya pili ya sehemu ya mbinu unasema ulichagua washiriki 60 kwa nasibu, lakini baadaye unaeleza kwamba uligawa hojaji darasani baada ya kipindi. Hapo uliwachukua waliokuwapo. Tafadhali sema hivyo, kisha ueleze ni nani walikosekana darasani siku hiyo na jinsi jambo hilo linavyoweza kuathiri matokeo.” Mwandishi akipata barua ya namna hiyo anajua kesho asubuhi aanzie wapi.

Hatua ya tano, uchapishaji, huogopwa kuliko inavyostahili. Programu ya Open Journal Systems, ya kuendeshea jarida mtandaoni, haina malipo, na mara nyingi maktaba ya chuo inaweza kuwawekea kwenye seva yake. ISSN, namba ya kulitambulisha jarida, ina tarakimu nane, huombwa katika kituo cha nchi au, pasipo na kituo, katika ofisi ya kimataifa iliyoko Paris. Toleo la karatasi na la mtandaoni kila moja huhitaji namba yake. Namba za DOI, ambazo huitambulisha kila makala mtandaoni kwa kudumu, zinapatikana kupitia shirika la Crossref, ambalo tangu 2023 limeondoa ada kwa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo.

Maswali ya wanafunzi

Shikamoo mwalimu. Katika chuo chetu wanafunzi wa saikolojia hatufiki arobaini. Tutapata wapi miswada ya kutosha?

Marahaba. Msijilazimishe kutoa matoleo manne kwa mwaka. Toleo moja lenye makala tano linatosha, na tano ndiyo idadi ya chini ya makala za utafiti ambayo DOAJ hutaka kwa mwaka. Unganeni na vyuo viwili vya jirani. Mtapata faida ya ziada, kwamba mhakiki hatakuwa akisoma kazi ya mtu anayelala naye chumba kimoja.

Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie katika makala iliyotokana na ripoti yangu. Nami namheshimu sana. Nifanyeje?

Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kifungu cha 8.12, zinasema kwamba makala iliyotokana kwa kiasi kikubwa na tasnifu ya uzamivu imtangulize mwanafunzi, isipokuwa kwa sababu ya pekee. Kifungu hakitaji shahada ya kwanza, lakini hoja yake ni ileile: cheo hakipangi majina, mchango ndio unaoyapanga. Usianze kubishana. Nenda ofisini kwake na karatasi inayoonyesha nani alibuni swali, nani alikusanya data, nani alichambua na nani aliandika, kisha umwombe mwongozo juu ya mpangilio wa majina. Jarida nalo liwasaidie wanafunzi kwa kudai karatasi hiyo kwa kila mswada, ili ionekane ni utaratibu wa kawaida.

Nikichapisha katika jarida la wanafunzi, naweza baadaye kuipeleka makala hiyohiyo katika jarida kubwa?

Hapana. Kuchapisha kazi ileile mara mbili ni kosa. Kama msimamizi wako anaamini kazi ina nguvu ya kwenda mbali, ipeleke huko kwanza. Ni wajibu wa jarida kuliandika onyo hili katika ukurasa wa maelekezo, wala lisingoje kuulizwa.

Je, tuwatoze waandishi ada ndogo ya kuendeshea tovuti?

Msitoze. Mwanafunzi ameshazoea kupokea barua pepe za majarida ya kitapeli yanayomsifu kisha kumdai fedha, nanyi mtafanana nayo.

Mhakiki wetu alikubali kusoma mswada, sasa ni wiki ya sita na hajibu ujumbe. Mwandishi anauliza kila siku.

Mwandikieni mwandishi leo, mumweleze ukweli na kumpa tarehe mpya. Mhakiki naye mpigieni simu, msimtumie ujumbe wa tano. Mara nyingi utakuta ni mitihani, na anaona aibu kusema ameshindwa. Mpeni nafasi ya kujitoa bila lawama, kisha mswada uende kwa mhakiki wa tatu, ambaye jina lake katibu alipaswa kuwa ameliandika kwenye jedwali tangu siku ya kwanza.